Shuka Kwanza kwenye Lori

(Maneno ya katekista mmoja, dereva mstaafu, kwa mahujaji wanaosali kwa Kiswahili, usiku waliolala Lugazi wakielekea Namugongo, kwenye hija ya Wafiadini wa Uganda)

Tumsifu Yesu Kristo!

Milele, amina. Hiyo amina imetoka na malengelenge, nimeisikia. Walio nje wasogee ndani, na yule mzee aliyesinzia pale kwenye nguzo asiamshwe. Padri amenipa nusu saa. Ameniambia, "Katekista, wape neno la kuwavusha kesho." Nikamwambia kesho tutavushwa na miguu, Padri, lakini nitajaribu.

Kwa wasionijua, mimi nimeendesha lori miaka ishirini na sita. Mombasa, Malaba, Kampala, mara nyingine Katuna hadi Kigali, mara nyingine Mpondwe hadi Beni. Kiswahili changu nimekiokota barabarani, kwa hiyo ndugu zetu mliotoka Tanzania mnivumilie kwenye ngeli. Leo mchana tumepita msitu wa Mabira. Ninyi mmeuona, na mimi nimeuona, na kwangu ilikuwa mara ya kwanza. Nimekatiza humo mara zisizo na hesabu, na nilichokuwa nikikiona ni matako ya tela la mwenzangu, halafu wale vijana wa Najjembe wanaokimbilia dirisha na kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma. Leo nimesikia ndege. Nimeona vijito vikipita chini ya barabara. Nikajiuliza ni mambo mangapi mengine nimeyapita hivyo hivyo, nikiwa juu, nikiwa na haraka.

Injili niliyopewa ni fupi, na kwayo nitazungumzia kuwasaidia wapendwa wetu wafike mbinguni. Luka 13:24: "Jitahidini kuingia katika mlango ulio mwembamba, kwa maana nawaambia ya kwamba wengi watataka kuingia, wasiweze." Padri aliwahi kutufundisha kwamba hilo "jitahidini", kwa Kigiriki, ni neno la wanamieleka na wakimbiaji. Ni neno la mtu mwenye jasho. Na angalieni, Bwana hasemi wengi watakataa kuingia. Anasema watataka! Kutaka tu hakutoshi. Mimi nataka kupungua kitambi tangu mwaka 2009.

Sisi watu wa mpakani mlango mwembamba tunaujua. Mwaka mmoja nilimchukua mke wangu twende Mombasa kwenye harusi. Tumefika mpakani, nikashuka kifua mbele, maana pale kila mtu alikuwa ananijua. Afisa wa afya akanisalimia kwa jina, akaniuliza habari za tajiri wangu, akaangalia kadi yangu ya manjano, ile ya chanjo, sawa. Halafu akamgeukia mke wangu. Kadi yake tuliiacha nyumbani juu ya kabati. Nikasema, "Afande, huyu ni mke wangu." Akasema, "Naona kabisa ni mke wako. Kadi yake iko wapi?"

Tulicheka baadaye. Pale hatukucheka. Miaka yangu yote ya kuvuka mpaka haikumsaidia mke wangu hata kidogo. Alielekezwa dirisha jingine, foleni ndefu, jua la saa saba, akadungwe sindano apate kadi yake mwenyewe. Ningeweza kukaa kivulini nikanywa soda, kadi yangu si ilikuwa sawa? Nilikwenda nikasimama naye. Kumchanja sikuweza, kumvusha sikuweza. Nilimshikia mkoba na kumwekea kivuli na gazeti.

Nimeifikiria sana ile foleni tangu nianze kufundisha katekisimu. Huwezi kumwingiza mtu mbinguni kwa kadi yako. Mama hawezi kumbatizia mwanawe toba. Lakini Injili haisemi popote kwamba basi kila mtu akavuke kivyake, wa nyuma shauri yake.

Sasa tazameni hawa wafiadini tunaowaendea.

Usiku wa tarehe 25 Mei 1886, kule Munyonyo, vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walijua kwamba kukikucha ni hukumu. Damu ilikuwa imeanza kumwagika. Karoli Lwanga ndiye alikuwa mkubwa wao. Kati yao walikuwamo ambao hawajabatizwa bado, na mmoja wao ni Kizito, mtoto wa miaka kumi na minne hivi. Wamisionari hawakuwapo ikulu usiku ule. Basi Lwanga akawabatiza yeye mwenyewe, kwa mkono wake, usiku ule ule. Mtu mwenye ubatizo wake tayari, anayesubiri kufa, angeweza kukaa pembeni akatengeneza roho yake. Yeye alitafuta maji kwa ajili ya wenzake. Na imesimuliwa kwetu tangu zamani kwamba alimwambia Kizito: saa ikifika nitakushika mkono, kama ni kufa kwa ajili ya Yesu tutakufa pamoja, mkono kwa mkono.

Walitembezwa hadi Namugongo wakiwa wamefungwa, wakawekwa huko karibu wiki moja kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni, siku ambayo mwaka ule ilikuwa Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, wakachomwa. Lwanga alitengwa, akachomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Kwa hiyo ule mkono hakuweza kumshika Kizito mwishoni, walikuwa wametenganishwa. Jambo hilo huwa linaniumiza kila mwaka nikifika pale. Lakini Kizito hakurudi nyuma, na nadhani ni kwa sababu mkono ulikuwa umeshikwa mapema.

Na tusijione wageni kwenye habari hii kwa kuwa tunasali kwa Kiswahili. Najua hapa Uganda wako wazazi wetu ambao lugha hii waliisikia kwanza kwa mtu mwenye bunduki, amri ya panda gari na lala chini, na hadi leo ukiwasalimia kwa Kiswahili wanashika mfuko. Siwalaumu. Lakini wafiadini Wakristo wa kwanza wa nchi hii, vijana watatu wa Kianglikana, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliouawa Busega tarehe 31 Januari 1885, imeandikwa na wamisionari wao kwamba walikwenda kufa wakiimba wimbo wa Kiswahili, wa kumsifu Bwana kila siku. Ndiyo lugha ya vitabu walivyokuwa navyo wasomaji wengi wa kwanza. Kwa hiyo kesho mtu akiwacheka njiani kwa sababu ya nyimbo zenu, imbeni tu.

Kuna mmoja ambaye hatumtaji sana, na kwa somo la leo yeye ndiye ninayemtaka. Mbaga Tuzinde. Huyu alikuwa kijana wa nyumbani kwa Mukajanga, na Mukajanga ndiye alikuwa mkuu wa wauaji wa Kabaka. Ndugu zake walimsihi. Walimlilia. Sema tu kwamba umeacha kusali. Jifiche, tutakuficha sisi. Wala hawakuwa watu wabaya, walimpenda mtoto wao! Mbaga akakataa. Mwishowe Mukajanga, kwa kumhurumia, akaagiza apigwe shingoni kwanza, afe kabla ya kutupwa motoni, asisikie ule moto.

Mimi nikisoma habari hii sijiweki upande wa Mbaga. Naona haya, lakini najiona kwa Mukajanga. Mzazi anayempenda mtoto, lakini upendo wake wote unamvuta arudi. Ni sisi hawa. Binti anasema anataka utawa, tunamwuliza nani atatulipia ada za wadogo zake. Kijana anakataa kutoa kitu kidogo apate kazi, tunamwambia mwanangu usiwe mjinga, dunia ndivyo ilivyo. Tunawapiga shingoni kwa huruma.

Lakini kuna upande wa pili, na huu nauogopa zaidi. Ni wa wale wanaobeba watu wao kwenda mbinguni kwa nguvu.

Machi 2000 nilikuwa nimeshusha saruji Kabale. Asubuhi dereva mmoja akaja kutoka upande wa Rukungiri, hawezi kushika kikombe cha chai. Kule Kanungu, tarehe 17, watu waliokuwa wakiambiwa kwamba dunia inakwisha na Bikira Maria anakuja kuwachukua walikuwa wamechomwa ndani ya nyumba yao ya ibada, milango imefungwa kwa misumari. Baadaye yakafukuliwa makaburi mengine. Waliokufa walikuwa mamia. Watu walikuwa wameuza mashamba, wameuza ng'ombe, wameingia na watoto mgongoni. Waliongozwa na watu waliokuwa na rozari mkononi, ndugu zangu, rozari kama hizi. Halafu Wakenya mlioko hapa, ninyi mna jeraha bichi la Shakahola, 2023, miili zaidi ya mia nne msituni, watu walioambiwa wafunge kula hadi kufa ili wamwone Yesu. Na watoto wamo humo.

Sitaki kulipita jambo hili haraka, maana najua wako watu wanaosikia neno "jitahidini" na kichwa chao kinakwenda huko. Mbingu isiyomruhusu mtoto kunywa uji si ya Bwana wetu. Yule binti wa Yairo alipofufuliwa, miaka kumi na miwili, watu wote wameduwaa, Yesu alisema nini? Marko 5, mstari wa mwisho. Akaamuru apewe chakula. Mtu ametoka upande wa pili wa kifo, na Bwana anauliza habari za jikoni! Mhubiri yeyote akikwambia uuze shamba, umtoe mtoto shuleni, umnyime dawa, ili mfike haraka, mchukue mtoto wako uondoke. Usisubiri baraka ya mwisho. Wafiadini wetu hawakujichoma. Walichomwa na wengine, kwa sababu walikataa kuacha kusali.

Nimesema nitazungumzia kuwasaidia wapendwa, na hadi sasa nimezungumzia makosa ya watu wengine, ambayo ni mepesi kuyasimulia. Nije kwa langu.

Nilikuwa na mdogo wangu. Nyumbani kwetu ni kando ya barabara, ukitoka Malaba kabla hujafika Tororo. Mdogo wangu alikuwa mtu wa malwa. Alasiri yoyote ungemkuta chini ya mwembe, wazee wamekaa duara, chungu katikati, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mama mwenye pombe anaongeza maji ya moto kutoka birikani. Mimi nilikuwa nimeokoka na ulevi mwaka ule ule niliofunga ndoa kanisani, na mtu aliyetoka shimoni juzi ndiye mwenye kelele kuliko wote. Basi kila nikipita na lori napunguza mwendo, napiga honi, injini sizimi. Natoa kichwa dirishani: "Wewe! Pombe hiyo itakupeleka motoni! Tubu!" Halafu natia gia naondoka. Watoto wa jirani walijifunza kuniigiza. Mmoja alikuwa honi, mwingine alikuwa mimi.

Nilifanya hivyo miaka minne. Moyoni nilijiona nabii.

Siku moja mama yangu alinisubiri barabarani. Akasimama mbele ya lori, mwanamke mzima na gomesi yake, nikafunga breki. Akaniuliza, "Unamtaka ndugu yako kweli, au unataka tu kumwambia?" Nikaanza kujieleza. Akasema, "Mungu mwenyewe alishuka. Wewe lori limekushinda?"

Nikazima injini.

Nikashuka, nikaenda chini ya mwembe, nikakaa kwenye benchi. Hakuna aliyesema neno. Mdogo wangu akapangusa mrija wake kwa kiganja, akaninyoshea. Nikakataa. Akacheka, akamtuma mtoto aniletee soda. Tukaongea habari za ng'ombe aliyevunjika mguu. Baada ya saa moja nikaondoka, wala sikutaja mbingu. Tangu siku ile kila nikipita nilishuka. Tajiri wangu alilalamika kuhusu muda, na haki yake. Miaka miwili hivi. Msidhani mdogo wangu aligeuka mtakatifu. Alikuja kanisani Krismasi, akasimama mlangoni, akatoka kabla ya sadaka.

Kisha ini likamshinda. Tumbo likajaa maji, miguu ikavimba, hospitali wakaturudisha nyumbani. Nilichukua likizo nikakaa naye. Namwosha, namgeuza. Usiku mmoja akaniambia tusali ile ya utotoni. Nikaanza Baba yetu, naye ananifuata. Tukafika: "utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea." Akanyamaza. Nikadhani amechoka. Usiku uliofuata tukasali tena, akanyamaza pale pale. Usiku wa tatu, pale pale. Akageukia ukutani.

Nikakaa kwenye kile kigoda gizani, na nikajua. Baba yetu kabla ya kufariki aligawa shamba mbele ya wazee, akapanda vichaka vya mpaka. Mimi nilipopanda mikaratusi yangu nilivisogeza vile vichaka hatua sita. Hatua sita tu! Mdogo wangu alikuwa amelewa siku ile, nikajua hataona. Aliona. Hakuwahi kusema. Wakati wote ule wa honi na "tubu", yule aliyekuwa kwenye chungu cha malwa alikuwa anamtazama aliyekuwa juu ya lori, na alikuwa anazijua hatua zake sita. Nilikuwa namwita aje mlangoni, na mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nimesimama mlangoni nimeuziba.

Asubuhi nilimwita mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, na wazee wawili waliokuwapo siku ya mgawo. Nikachukua jembe na panga. Nikakata mikaratusi mistari miwili, miti ya miaka saba, msione ni kitu kidogo. Nikang'oa vichaka nikavirudisha. Tulimtoa mdogo wangu kwenye kiti hadi mlangoni, blanketi miguuni. Alitazama kazi yote. Nilipomaliza nikaenda nikapiga magoti mbele yake, mimi mkubwa, mbele ya wazee, nikamwambia nisamehe, nilikuibia. Akasema, "Ulivikata vibaya, vile vichaka havitashika." Basi. Ndiyo maneno aliyosema.

Jioni tukasali. Akapita pale. Akapita pale hadi amina. Na asubuhi akasema, mwite Padri. Padri alikuja kwa bodaboda, mvua imemlowesha, akamsikiliza peke yake muda mrefu, akampa mpako wa wagonjwa na Komunyo. Aliishi siku kumi na moja.

Vichaka vilishika.

Sijui niongeze nini hapo. Ninyi mnaotembea kwa ajili ya mume, kwa ajili ya mtoto, nimeziona picha mlizobandika kwenye fimbo zenu. Mimi nawauliza tu kama kuna hatua sita mahali. Pengine ni deni, pengine ni neno ulilomwambia mkweo mbele ya watu. Tunataka Mungu amgeuze mtu na tunamnyima Mungu sisi wenyewe.

Mnamkumbuka yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, wanne walimpandisha darini, wakatoboa, wakamshusha. Marko anasema Yesu "alipoiona imani yao", ndipo akamsamehe yule mtu dhambi zake. Imani yao. Wale wenye bega chini ya mkeka. Huwa nawaza habari za mwenye nyumba na paa lake, kama kuna aliyerudi kesho yake na udongo wa kuziba. Mimi nikiwa mwenye nyumba ningeuliza. Lakini tazama, wote wanne walibeba. Hakuna aliyebaki chini kutoa maelekezo kwa sauti.

Kina mama, Petro aliwaandikia wake wenye waume wasioamini kwamba wavutwe kwa mwenendo wa wake zao, pasipo lile neno. Pasipo lile neno, mama! Nasema hivi kwa sababu ya simu. Mtu yuko Kampala kwenye msongamano, hajala, anapokea kutoka kwako mahubiri ya sauti ya dakika ishirini na picha ya moto wa jehanamu yenye maua. Hiyo ni honi. Mpigie umwulize kama kikohozi kimepona.

Mtakatifu Monika alimlilia mwanawe Augustino miaka mingi, akavuka bahari kumfuata. Alikuwa na tabia hiyo hiyo yetu, anamwomba kila mtu mwenye elimu abishane na mwanawe ashindwe hoja. Alimwendea askofu mmoja akamsumbua kweli kweli, na yule askofu akakataa. Akamwambia mwache alivyo, mwombee tu. Haiwezekani mwana wa machozi hayo apotee. Augustino alibatizwa Milano, Pasaka ya mwaka 387. Mama akafariki mwaka ule ule, Ostia, mbali na kwao, na alipoulizwa habari za kaburi alisema wamzike popote, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana.

Hapo napagusa kwa wenye marehemu, maana dakika zangu zinakwisha na Padri ameanza kutazama saa. Sisi Wakatoliki foleni haiishii kaburini. Tunaamini kwamba walio toharani tunaweza kuwasimamia kwa Misa na sala, kuwashikia mkoba bado. Mimi nina siku moja kila mwaka, natoa nia ya Misa kwa mdogo wangu. Sisemi yuko mbinguni. Hilo si la dereva. Nina mwana pia, wa pili, aliyeacha kanisa, yuko Ntinda na mambo yake ya kompyuta. Jumapili hunipigia kuuliza kama nimekula. Naye namwuliza kama amekula. Mara moja tu, mwezi Machi, aliniuliza mwaka huu mnatembea lini. Nikamwambia tarehe. Sikuongeza kitu, Mungu ananijua nilivyojizuia.

Basi, mambo ya kesho. Tunaamka saa tisa usiku, saa kumi kamili tunatoka, tulale Mukono. Atakayechelewa hatutamwacha, lakini tutamwimbia. Tembeeni upande wa kulia, uso uangalie magari yanayokuja. Naongea kama dereva sasa, si katekista. Fulana nyeupe mbele na nyuma ya mstari, na tochi mbili. Miteremko ya kuingia Mukono malori hayana breki nzuri, nawajua wenzangu. Wenye malengelenge, sista yuko na sindano na uzi pale karibu na majerikeni, nendeni kabla ya kulala. Posho na maharage ipo, wenye nafasi waache wazee watangulie.

Tukifika Namugongo watu watakuwa wengi mno, na lango ni jembamba. Kila mtu amshike mkono aliye nyuma yake, si wa mbele, wa nyuma. Wa mbele unamwona. Wa nyuma ndiye anayepotea. Na wewe kijana wa fulana ya kijani, mguu wako ule sijaupenda tangu Jinja. Wewe utakuwa nyuma yangu.